Jumamosi Tuliyoupeleka Mkono wa Mama Kuungwa

Mimi nikikaanga kitunguu, mlango wa jikoni lazima uwe wazi. Mume wangu alishachoka kuniuliza kwa nini. Harufu ile ya kitunguu kinapoanza kugeuka rangi ndani ya mafuta, kabla hakijaungua, ikinifika puani siko tena kwenye nyumba hii ya kupanga. Narudi Kaloleni ya Kisumu, kwenye chumba chetu cha sakafu nyekundu, na mama ameshusha komeo. Anapika kitu ambacho hata mimi, mtoto wake wa pekee, sikuruhusiwa kuona. Mimi nikitumwa nje nicheze. Nikirudi, mafuta yako ndani ya chupa, chupa imefungwa kwa gazeti, na mama ananiuliza kama nimeosha miguu.

Mama alikuwa anauza chapati Kondele, karibu na steji. Watu walimwita Mama Akinyi, kwa jina langu, na mimi nilidhani kwa sababu hiyo biashara ilikuwa nusu yangu. Ng'ambo ya barabara, tukitazamana naye uso kwa uso, alikaa Mama Njeri, naye pia wa chapati. Yeye na mumewe walikuja Kisumu kutoka upande wa Nyeri kabla mimi sijazaliwa. Chapati zake zilikuwa laini, nyeupe, zimeiva vizuri, lakini hazikuwa na harufu ya zetu. Zetu mtu aliyeshuka garini alikuwa anazinusa kwanza ndipo anageuza shingo. Jioni tukirudi nyumbani, habari za Mama Njeri ndizo zilikuwa taarifa yetu: leo ameleta madondo, yale maharagwe ya kulia chapati, leo ametandika kitambaa kipya, leo yule kastoma wetu mrefu amevuka barabara. Kwa akili yangu ya utoto Mama Njeri alikuwa adui kabisa, na nilikuwa namkazia macho nikipita. Yeye akinipungia mkono.

Basi shule zikafungwa kwa likizo ya Agosti. Nyinyi wa rika langu mnaikumbuka Agosti ya Kisumu: asubuhi jua, alasiri upepo wa ziwa unapeperusha vumbi na mifuko ya nailoni, na wale ndege wakubwa wenye vipara wamesimama juu ya miti mjini kama wazee wanaosubiri kesi. Mwaka huo kulikuwa na jambo jipya. Watu wa manispaa walipita kwa wenye biashara ndogo wakasema kila Jumamosi ya mwezi huo kutakuwa na sherehe ya mji mzima kwenye uwanja wa nyasi upande wa ziwa: ngoma, mashindano ya mitumbwi, michezo ya watoto, na meza za kuuzia vitu. Waliochaguliwa wangepewa meza bure. Tena, atakayekuwa mezani kwake kila Jumamosi mpaka mwezi uishe angepewa kibanda cha mabati pale pale ziwani, kiwe chake. Asiyefika, meza inapewa mwingine. Mama alichaguliwa. Nakumbuka alivyoingia nyumbani siku hiyo, akakaa kitandani na viatu vyake, akacheka peke yake.

Haikupita wiki, akavunjika mkono. Alikuwa amepanda boda boda, zile za baiskeli za siku hizo, zenye kiti cha sponji nyuma, amekumbatia unga. Gurudumu la mbele likaingia shimoni. Mama akachagua, katika ile nukta ya kuanguka, kuokoa unga. Aliubeba kwa mkono wa kushoto juu kabisa, akaangukia wa kulia. Unga haukumwagika hata kijiko. Mkono ulivunjika mahali pawili, na akarudi kutoka hospitali na plasta iliyopita kiwiko, mkono umepinda mbele ya tumbo.

Chapati si kazi ya mkono mmoja, mwenye kuikanda anajua. Nilijaribu kumsaidia, nikasukuma kitu chenye pembe kama ramani, kilichoungua kwa nje na kibichi kwa ndani, tukakila wenyewe kimya kimya. Na nafasi ya barabarani haina mwenyewe. Kabla plasta haijakauka vizuri, pale petu Kondele palikuwa na mtu wa viatu vya mitumba. Mama hakugombana naye. Usiku huo aliniambia, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba meza ya ziwani ikipotea, basi, tutarudi Pap Onditi kwa dani, nyanya yangu, na mimi nitahamia shule ya huko. Nilimpenda dani sana. Lakini kuhama Kaloleni, niache shule yangu na rafiki zangu wote? Nililala nimegeukia ukuta, na moyo wangu ulikuwa mzito kuliko ile plasta.

Sasa sikilizeni jinsi mtoto anavyoelewa mambo. Nyumbani tulisema Dholuo. Kiswahili changu kilikuwa cha kuokota barabarani na cha darasani kidogo, na neno kuunga nililijua vizuri kwa sababu moja. Karibu na kwa dani, Pap Onditi, kulikuwa na mzee wa kuunga mifupa. Binamu yangu alianguka kutoka juu ya ng'ombe, mzee akamshika mguu, akaunyoosha, akaweka mti kando, akafunga kwa kitambaa, na baada ya muda binamu akawa anakimbia. Huko ndiko kuunga. Basi siku hiyo nimekaa mlangoni, likapita gari la manispaa lenye spika juu, linaenda polepole, na sauti ya mwanamume ikasema: Jumamosi, watu wote wa Kisumu, njooni ziwani, njooni tuwaunge mkono mama zetu wa biashara ndogo ndogo!

Niliruka. Hata serikali imesikia! Nilijiuliza tu nani amewaambia kuhusu mama, na kama mama wengine wa biashara ndogo nao walikuwa wamevunjika mikono, kwa sababu mtangazaji alisema kama ni wengi. Nikaona inawezekana, kwa vile boda boda zilivyokuwa.

Nikamwambia mama kwamba Jumamosi lazima twende, wamesema watamuunga mkono. Mama alikuwa anajaribu kuchana nywele kwa mkono wa kushoto. Hakugeuka.

"Hayo ni maneno ya spika, nyathina," akasema. Nyathina ni mtoto wangu. "Watu wataunga mkono kwa mdomo tu."

Kwa mdomo? Hilo lilinichanganya kidogo, lakini nikadhani labda mzee wa mjini hutumia mdomo, apulize.

Jumamosi ya kwanza ya sherehe mama alivaa nguo ya kanisani. Haikuwa kwa ajili ya kuuza. Aliniambia anakwenda kuwarudishia meza yao, kwa sababu ni adabu mtu kusema mwenyewe kuliko kuachia watu meza tupu. Mimi sikubishana naye. Nilijua akishafika na kuungwa, habari itabadilika yenyewe. Nikatafuta vile vitu ambavyo mzee wa Pap Onditi alitumia. Leso ilikuwepo. Mti ulionyooka, wa urefu wa kutosha, ulikuwa mmoja tu nyumbani kwetu: kile kifimbo cha kusukumia chapati. Nikakiviringisha ndani ya leso, nikakiweka kwapani. Mama aliniona na akadhani nimebeba mwanasesere.

Uwanja ulikuwa umejaa. Sijawahi kuona watu wa Kisumu wengi hivyo mahali pamoja bila mpira wala siasa. Kulikuwa na tenti nyeupe, kulikuwa na mama wa vikapu, mafundi wa viatu vya ngozi, wauza samaki wa kukaanga, kijana aliyekuwa anachora watu na kuwafanya wote wawe warefu. Mitumbwi ilikuwa inashindana, na wanaoshangilia walikuwa wameingia majini mpaka magotini. Meza yetu ilikuwa kati ya meza ya karanga na, Mungu wangu, meza ya Mama Njeri. Jiko lake lilikuwa limewaka, unga umekandwa umefunikwa kitambaa, na mumewe, Baba Njeri, mtu mpole wa maneno machache, alikuwa anapepea makaa. Meza yetu ilikuwa mbao tupu. Mama aliiwekea kiganja cha kushoto, akaipapasa, kisha akaanza kuangalia ni nani wa kuambiwa.

Mimi nilimwona wa kuambiwa mbele yake. Mtangazaji alikuwa amesimama karibu na spika, na sauti ndiyo ile ile ya garini. Nikaenda nikamvuta suruali. Nikamuuliza wanaunga mkono upande gani, kwa sababu mama yangu ameshafika. Akachuchumaa, akaniuliza wamuunge vipi. Nadhani alitegemea nitasema kitu cha kufurahisha watu, maana aliniwekea kipaza sauti mdomoni. Nikasema kwa nguvu zangu zote, maana mwalimu alitufundisha kusema kwa sauti mbele ya wageni:

"Mama yangu mkono umevunjika. Mlisema mtawaunga mkono. Nimeleta mti na leso."

Nikakifungua nikawaonyesha kifimbo.

Uwanja ulicheka. Ulicheka kile kicheko cha watu wengi kinachoanza mbele na kwenda mpaka majini. Nilimtafuta mama kwa macho nikamwona amesimama penye meza tupu, na ile plasta nyeupe kila mtu anaiona, ameinamisha uso. Hapo nikajua nimekosea kitu, ingawa sikujua ni nini, na nikaanza kulia ndani ya kipaza sauti, kwa hiyo Kisumu yote ikasikia na hilo pia. Kicheko kikakatika. Mtangazaji akaninyang'anya kipaza sauti kwa upole, na sikumbuki alisema nini, ila kulikuwa na methali, ile ya kidole kimoja hakivunji chawa.

Nikasikia mkono begani. Ni Mama Njeri, na aproni yake, na unga mpaka viwiko. Adui mwenyewe. Akaniambia nilete huo mti. Nikampa, nitafanya nini? Akanishika mkono akanirudisha mezani, akakiweka kifimbo juu ya mbao mbele ya mama, akamwambia kwamba unga wake aliokanda ni mwingi, utawatosha wote wawili, na yeye atasukuma. Mama atakaa pale mbele akiuza, kwa sababu watu wanamjua.

Mama alikataa. Alikataa kwa heshima, lakini alikataa. Akasema chapati zake si kama za Mama Njeri, na mtu akinunua kwa Mama Akinyi akapata kitu kingine, huo ni uongo.

"Najua si kama zangu," Mama Njeri akasema. "Kastoma wako wananiambia kila siku. Si uniambie vile wewe hufanya, nifanye hivyo?"

Mimi nilimtazama mama, nikamtazama Mama Njeri, na hata mimi niliyekuwa na pua inayotiririka nilielewa uzito wake. Ile chupa ya gazeti. Lile komeo. Kitu ambacho kilifanya mtu ashuke garini na kugeuza shingo, ndicho hicho anaulizwa, na anayeuliza ni mtu wa ng'ambo ya barabara. Nyuma ya mama watu wawili watatu walikuwa wameanza kusimama kana kwamba ni foleni. Upande wa pili kulikuwa na Pap Onditi. Mama akauangalia mkono wake uliopinda muda mrefu. Kisha akamwinamia Mama Njeri sikioni.

Walipoinuka, mama aliniambia nikimbie kwa mama wa mboga nilete vitunguu.

Ni hivyo tu. Ilikuwa kitunguu! Unakaanga kitunguu kwenye mafuta polepole mpaka kiachie harufu yake, unakitoa, na mafuta hayo ndiyo unapaka ndani ya chapati kabla ya kuikunja mviringo. Mama aliyafanya hayo miaka mingi mlango umefungwa, na sasa yalikuwa yanafanywa hadharani kando ya ziwa, ila waliokuwa wanatazama hawakujua wanatazama nini. Kwa jiko tuliloazimwa na meza ya karanga, Mama Njeri alikaanga, akapaka, akakunja, akasukuma kwa kifimbo chetu, akachoma. Mama alisimama karibu akimwelekeza kwa kidevu. Nyembamba zaidi. Hapo sasa. Geuza. Harufu ilipopanda, nikaona mtu wa kwanza amegeuza shingo.

Kwenye meza yao alibaki Baba Njeri, ambaye maskini hakuwahi kugeuza chapati maishani. Aliunguza nyingine, nyingine aliitoa mbichi, na kila mteja alimwomba msamaha. Watu walinunua hivyo hivyo. Nilimwona mzee mmoja akitafuna kitu cheusi kabisa na kumsifu. Siku hiyo Kisumu ilikuwa na moyo, sitasahau. Walikuwa wanakuja wanasema wamemfuata yule mtoto wa mti na leso, wananunua kwetu, kisha bila kuambiwa wanahamia meza ya pili wananunua kwa Baba Njeri pia. Yule kijana mchoraji alimchora mama bila malipo, na akamchora mkono wa plasta mrefu kama mtumbwi.

Jua lilipoanza kushuka na unga ukaisha, mimi bado nilikuwa nasubiri. Watu walikuwa wanafunga vitu vyao na hakuna mzee yeyote aliyekuja kuushika mkono wa mama. Nikamwambia Mama Njeri, nikiwa karibu kulia tena, kwamba wametudanganya, mkono bado haujaungwa.

Mama Njeri alicheka mpaka akakalia gunia la makaa. Kisha akaniita karibu, akanifuta uso kwa aproni yake, nikabaki na unga mashavuni.

"Leo mama yako alikuwa na mikono mitatu," akasema. "Sasa hujaona ikiungwa?"

Jumamosi zote zilizofuata alifanya vivyo hivyo, na Njeri, binti yao, akaletwa kumwokoa baba yake. Mwezi ulipoisha mama alipata kibanda, na Mama Njeri akapata cha jirani, ukuta wa mabati mmoja kati yao. Sikuhamia Pap Onditi. Nilimaliza shule Kisumu, kwa kibanda hicho. Kila kitu nilicho nacho leo kimepitia kwenye mkono ule uliosukuma chapati za mwenzake.

Msidhani wakawa malaika. Plasta ilipotolewa walirudia ushindani wao kama kawaida. Waligombania kivuli, waligombania ni nani atafagia mbele, kuna wakati walipitisha mwezi mzima wakisalimiana kupitia kwangu na Njeri. Na mama alikuwa na hofu moja ambayo hakumwambia mtu ila mimi. Alikuwa anasubiri. Alisema siri yake imeshakwisha, siku yoyote atasikia harufu ya kitunguu kupitia ukuta wa mabati, na hana wa kulaumu. Kila asubuhi alisimama kidogo mbele ya kibanda cha Mama Njeri akisingizia salamu, na mimi nilijua ananusa. Baadaye akaacha, nadhani kwa kuzoea, na sisi wote tukasahau.

Mwaka huu Mama Njeri ametutoka. Jioni moja kabla hawajamsafirisha kwenda kwao, mama na mimi tulikwenda kuwapa pole. Nyumba imejaa, wanawake nyuma wanapika, Baba Njeri amekaa kwenye kiti na kofia mkononi. Tukaletewa chai na chapati. Mama akakata kipande. Hakukila. Alikisogeza puani akanusa, akanusa tena, kisha akamwuliza Njeri, ambaye sasa ndiye mwenye kibanda, kama mama yake hakuwahi kumfundisha kitu cha mafuta.

Njeri alimtazama. "Ya kitunguu?" akasema. "Nilimuuliza, Mama. Nikamwambia tukiweka hiyo tutauza sana. Akasema hiyo ni ya Mama Akinyi, yeye aliazimwa tu wakati wa mkono."

Sijawahi kumwona mama akilia namna ile, hata msibani kwa dani. Miaka yote hiyo, ukuta wa mabati mmoja, Mama Njeri anaona foleni yetu na anajua kabisa inatoka wapi, na kila asubuhi anakaanga mafuta yake matupu. Na mama nje ananusa! Nilimshika tu ule mkono wa kulia, ambao mpaka leo haunyooki sawasawa.

Mama akajifuta uso. Akasimama, akakunja mikono ya gauni lake la kanisani, akaenda nyuma kwa wanawake waliokuwa wanapika. Mtu mmoja akataka kufunga mlango kwa sababu ya moshi. Mama akamwambia auache wazi.

"Njeri, njoo hapa mbele uone," akasema. "Leteni kitunguu."